Makala yangu ya dini katika jarida la chuo kikuu: je, nimeificha imani?

SWALI:

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba, na sasa nasomesha chuo kikuu hapa Unguja kama mwalimu msaidizi. Nimeandika makala kuhusu risala ya fiqhi (kijitabu cha sheria za dini) ambayo kwetu inasomeshwa na kunasibishwa na sheikh mmoja mkubwa wa Unguja. Hati niliyoipata ina tarehe ya kabla sheikh huyo hajazaliwa. Nimeipeleka makala kwenye jarida la kitaaluma, na wahakiki wametaka niondoe "swalla Allahu alayhi wasallam" kila anapotajwa Mtume, na pale nilipoandika "Mwenyezi Mungu ameteremsha" niweke "Waislamu wanaamini kuwa". Mwenzangu ofisini ananiambia mwenye imani hawezi kuifanyia utafiti dini yake mwenyewe. Baba yangu, ambaye ndiye aliyenisomesha risala hiyo, anasema nikikubali nitakuwa nimeiuza dini kwa ajili ya cheo, na kwamba kumvua sheikh kitabu chake ni utovu wa adabu. Nifanye nini?

JIBU:

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Naona yaliyokushughulisha zaidi ni maneno ya wahakiki. Kwangu mimi zito ni la baba yako, basi nianzie hapo.

Kusema "kitabu hiki ni cha fulani" ni kutoa ushahidi, tena juu ya mtu aliyekwisha kufa ambaye hawezi kukubali wala kukanusha. Mwenyezi Mungu anasema: "Wala usiyafuate usiyo na ujuzi nayo. Hakika masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa" (17:36). Maulamaa wetu walilishika jambo hili karne nyingi kabla hayajakuwapo majarida ya vyuo vikuu. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kutoka kwa Muhammad bin Sirin kwamba watu mwanzoni hawakuwa wakiuliza isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, lakini ilipotokea fitna wakasema: tutajieni watu wenu. Na Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imam Bukhari, aliulizwa kuhusu baba yake mzazi, ambaye naye alikuwa mpokezi wa Hadithi. Akasema: muulizeni mwengine. Walipomrudia tena aliinamisha kichwa, kisha akakiinua akasema: hii ni dini, baba yangu ni dhaifu, yaani upokezi wake hautegemewi. Hakumkana mzazi wake wala hakumtukana. Alikataa tu kuyafanya mapenzi kuwa hoja. Basi adabu kwa masheikh wetu haikulazimishi kumwachia mmoja wao kitabu asichokiandika, na aliyekiandika kweli naye ana haki yake.

Lakini kabla ya kuchapisha, je, umejiridhisha kweli na hiyo tarehe? Nauliza kwa sababu najua hati zinavyohadaa. Tarakimu za Kiarabu za 2 na 3, wino ukipauka, hazitofautiani kwa urahisi. Mtu akisoma 1223 mahali pa 1323 ameshaizidishia karatasi umri wa miaka 100 ya Hijria, kwani ya kwanza inaangukia 1808 Miladia na ya pili 1905. Tazama vilevile kama mwaka wa kuzaliwa sheikh ulioutumia ni wa Hijria au wa Miladia, maana waandishi wa wasifu wamezichanganya mara nyingi. Isome yote ile khatima ya hati, yaani maneno ya mwisho ya mwandishi wake, usiishie kwenye tarehe: ni nani aliyenakili, amenakili kwa ajili ya nani, na je, anasema "nimeandika" au "nimetunga"? Kisha angalia pambizoni. Ukikuta neno "balagha" limeandikwa mahali mahali, ujue nakala hiyo imelinganishwa na asili yake, na kila penye neno hilo ndipo mlinganisho ulipofikia siku hiyo. Kama kuna nakala nyengine, anza kuitafuta Nyaraka za Taifa pale Kilimani, halafu katika nyumba za masheikh.

Na yawezekana sheikh wetu hakutunga risala lakini aliinakili kwa mkono wake, au aliisherehesha, au aliisomesha miaka mingi mpaka watu wakaiita yake. Hilo hutokea, na hakuna aliyesema uongo. Ukiweza kuonesha lilivyotokea, makala yako itakuwa na faida kubwa kuliko kusema tu kwamba siye.

Sasa niingie kwenye salawat, yaani hayo maneno "swalla Allahu alayhi wasallam". Maulamaa wa Hadithi wamesisitiza sana kumwandikia Mtume salawat kila anapotajwa, na Ibn al-Salah amechukia hata kuifupisha kwa herufi mbili tatu. Hiyo ndiyo adabu, na ndiyo ninayoifuata mimi. Lakini Ibn al-Salah huyo huyo anakiri kwamba katika maandishi ya Imam Ahmad bin Hanbal jina la Mtume swalla Allahu alayhi wasallam limekutwa mara nyingi bila ya salawat, na al-Khatib al-Baghdadi anasema imemfikia kwamba Imam Ahmad alikuwa akimsalia kwa ulimi. Hakuna aliyesema kuwa Imam Ahmad alipungua imani. Basi mwombe mhariri akuruhusu uiandike kamili mahali pamoja, Mtume anapotajwa mwanzo, au katika tanbihi. Akikataa, msalie kwa ulimi wako unapoandika na unaposoma, wala huna dhambi.

Neno "Waislamu wanaamini kuwa Qurani imeteremshwa" ni neno la kweli. Sisi tunaamini hivyo, na hujasema uongo ulipoliandika. Hukusema kuwa haikuteremshwa. Kuna tofauti kubwa baina ya kunyamaza na kukanusha, na mhakiki ana haki ya kukutaka la kwanza, hana haki ya kukutaka la pili. Angekutaka uandike kuwa Muhammad aliitunga Qurani, hapo ningekwambia irudishe makala nyumbani, kwani hilo si lugha ya utafiti, hilo ni dai la itikadi kama yalivyo madai mengine, na mwenye nalo alithibitishe. Wewe unaweza kuandika "Qurani inasema" kila mahali, na hakuna atakayelalamika. Mtume wetu mwenyewe aliamrishwa awaambie washirikina: "Na hakika sisi au nyinyi bila ya shaka tuko kwenye uwongofu au upotofu ulio wazi" (34:24). Hakuwa na shaka hata chembe, lakini anayezungumza na asiyeamini humpa mahali pa kusimama ili mazungumzo yaweze kuanza.

Ama huyo mwenzako wa ofisini, maneno yake yananisikitisha, kwa sababu wanafunzi wetu huyasikia wakaamini kuwa lazima wachague baina ya msikiti na chuo. Imam Ghazali alipotaka kuwajibu wanafalsafa alisema kuwa huwezi kuujua ubovu wa elimu mpaka uifikie kilele chake na ulingane na mjuzi wake mkubwa. Akakaa muda usiofika miaka miwili akizisoma elimu zao, katika nafasi alizoziiba baina ya kuandika na kuwasomesha wanafunzi 300 pale Baghdad. Kisha akayaeleza madai yao kwa uadilifu mkubwa kabla ya kuyajibu. Kitabu hicho cha maelezo kilipotafsiriwa kwa Kilatini, wasomaji wengi wa Ulaya wakamdhania kuwa naye ni mmoja wa wanafalsafa hao! Imani yake ndiyo iliyomsukuma aeleze sawasawa. "Wala chuki ya kuchukiana na watu isikupelekeeni kutofanya uadilifu" (5:8).

Na mwambie aangalie historia ya hapa hapa. Tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyotoka 1923 ni ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyeishi Unguja, na maelezo yake yalikusudiwa kuwapa wamishionari hoja dhidi ya Uislamu. Je, yeye hakuwa na imani? Alikuwa nayo, na iko wazi katika kazi yake. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa tafsiri yake kamili 1969, akijibu pamoja na mengine tafsiri za watu wa imani nyengine. Wote wawili waliandika wakiwa na dini zao, na leo mtafiti huwapima kwa Kiarabu chao na kwa ushahidi wao. Ujerumani, vyuo vikuu vya serikali vina vitivo vya theolojia vya Kikatoliki na vya Kiprotestanti, na Tübingen theolojia ya Kiislamu inasomeshwa tangu 2011. Anayetakiwa kutoka nje ya mlango wa chuo ni yule anayetaka akubaliwe bila ya ushahidi, awe ana dini au hana.

Kuhusu cheo, hilo ni baina yako na Mola wako. Katika Sahihi Muslim imo Hadithi ya mtu aliyesoma na kusomesha ili aitwe mwanachuoni, na mwisho wake ni mbaya. Irekebishe nia yako, kisha upandishwe daraja ukiistahiki, hakuna ubaya.

Kabla hujajibu barua ya mhariri, nenda Wete. Mpelekee baba yako picha za hati, umkalie chini kama ulipokuwa ukisoma kwake, umwachie aisome khatima mwenyewe. Kisha umuulize risala hii aliisoma kwa nani, na huyo aliisoma kwa nani, na ni nani wa kwanza aliyemsikia akiinasibisha na sheikh. Silsila hiyo haimo katika nyaraka yoyote na wahakiki hawawezi kuipata popote isipokuwa kwake. Iandike yote, hata inapopingana na hati yako, uiweke ndani ya makala kwa jina lake akikuruhusu.

Wallahu aalam.