Usiazime vita vya mtu

Mdogo wangu, ujumbe wako niliusoma wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku. Nikaufunga, nikaufungua tena. Umeuliza: "Kaka, nikifika Ujerumani kwa viza ya matembezi, nikisema mimi Mkongo nimekimbia vita, si watanipa makaratasi?" Chini yake ukaongeza kwamba wenzako watatu wanasubiri jibu langu. Basi nawajibu wote hapa hapa, maana nyinyi si wa kwanza kuniuliza. Wengine huzunguka tu kwanza.

Hapana. Usijilipue. Neno hilo, yaani kuomba ukimbizi kwa hadithi ya uongo, huwa tunalitumia kwa kucheka, fulani kajilipua, fulani mambo yake safi sasa. Lakini aliyelitunga alijua anasema nini: anayelipuka ni wewe mwenyewe.

Sheria nitaipitia haraka. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua kama mkimbizi mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Sababu tano, umaskini haumo. Unaweza kulala njaa wiki nzima, mbele ya mkataba ule bado wewe si mkimbizi. Sisi Waafrika tulipanua mlango kwa mkataba wa 1969 wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tukawaingiza na wanaokimbia uvamizi na machafuko. Ndiyo maana mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi, hakuna aliyewaweka kwenye kiti kuwahoji mmoja mmoja. Huku unahojiwa. Waukraine hawakupita huko: Machi 2022 Umoja wa Ulaya ulitumia kwa mara ya kwanza agizo lake la 2001, wakapewa hifadhi ya muda moja kwa moja. Wasyria wa 2015 walikaa kwenye foleni miezi na miezi. Mlango haufunguki sawa kwa wote, na sitawaficha hilo ili Ulaya ionekane nzuri.

Sasa wewe. Ukiomba viza ya matembezi, unatoa alama za vidole, na zinahifadhiwa pamoja na pasipoti yako ya Tanzania. Ukifika hapa na kudai wewe ni mtu wa Bukavu, Kongo, wanachukua alama zilezile. Umemaliza kazi kabla hujafungua mdomo. Na ukiufungua, mezani yupo mkalimani. Wewe utasema "watu", yeye anasubiri "batu", Kiswahili cha Kongo. Hata dakika tano hutamaliza.

Utaniambia wapo waliofanikiwa. Wapo, enzi zile kabla ya hizo mashine. Mmoja nimekaa naye nyumba moja miaka miwili, mtu mzima, namwamkia. Alijilipua zamani kwa uraia wa nchi nyingine na jina alilolitunga njiani. Akapata makaratasi, akaoa, akazaa. Mama yake alipofariki hakwenda kuzika, kwa sababu kwenye makaratasi yeye hana mama Tanzania. Hana hata Tanzania yenyewe. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akafuatilia mazishi jikoni, na kila mara mtandao ulipokatika alikuwa anakifuta kioo kwa kitambaa cha vyombo kana kwamba tatizo ni vumbi. Watoto wake wanatumia lile jina la njiani. Mkubwa alipoambiwa shuleni achore mti wa ukoo, baba alimwambia awaandike ndugu wa mama peke yake.

Halafu kuna wale ambao vita ni vyao kweli, na bado wanakwama. Darasani kwenye lugha nilisoma na mama mmoja wa Kivu Kusini. Kwenye mahojiano yake ya kwanza alieleza kwamba baba yake aliuawa vita vya 1996, kisha akaeleza jinsi baba alivyowapeleka Uvira. Afisa akamsimamisha: baba aliyekufa amewapelekaje? Kwetu hakuna swali hapo, ni baba mdogo, na mtoto aliyelelewa naye anamwita baba tu. Kwenye faili ikaandikwa kwamba maelezo yanagongana. Akakataliwa, akakata rufaa, na muda wote huo akaishi chumba kimoja na watoto watatu, akisubiri mtu amweleze jaji maana ya neno "baba". Alishinda. Mimi nikajifunza kwamba tofauti ya utamaduni si chakula na mavazi kama tunavyodhani. Ni afisa asiye na ubaya wowote na wewe, anaandika kwa uaminifu kabisa kitu ambacho hukusema.

Na mimi mwenyewe haikunipita, ingawa yangu ilikuwa ndogo. Mwanzoni msimamizi wa zamu akiniuliza kama naweza kuja Jumamosi, nilikuwa najibu "nitajitahidi". Wewe na mimi tunajua hiyo ni hapana yenye adabu. Yeye aliniandika kwenye ratiba. Jumamosi ya pili nisipotokea nikaitwa mwongo, na kwa kweli kwa Kijerumani nilikuwa nimesema uongo.

Umeniuliza pia, kwa mzaha nadhani, hivyo vita vina nini cha ajabu hadi mtu apewe makaratasi. Nikueleze ninachokiona kazini.

Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi ina bibi mmoja asiyekubali kuvuliwa viatu usiku. Ukimvua soksi sawa, ukimvua gauni sawa, ukigusa kamba za viatu anakupiga kofi. Wenzangu waliandika kwenye daftari "mkaidi". Binti yake ndiye aliyetueleza. Mama yake alizaliwa Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Januari 1945 wanawake na watoto waliamriwa kuuhama kwa miguu, kwenye theluji, huku jeshi la Kisovieti likikaribia. Alikuwa na miaka sita. Leo amesahau jina la mumewe, lakini hajasahau kwamba aliyevua viatu njiani hakuweza kuvivaa tena, miguu ilikuwa imevimba. Miaka themanini imepita, kapata pensheni, kitanda cha umeme na vidonge kwa saa, na bado analala akiwa tayari kuondoka. Sasa tunamnunulia viatu laini vya ndani vyenye kamba. Anavifunga mwenyewe, mafundo mawili.

Anayemuelewa kuliko sisi wote ni mwenzangu Msyria, wa Aleppo. Kila mwaka anaomba zamu ya usiku ya tarehe 31 Desemba, zamu ambayo wengine wote wanaikimbia. Wajerumani usiku ule wanarusha fataki hujapata kuona, mtaa mzima unanuka baruti. Saa mbili usiku anapita kushusha mapazia ya chuma madirishani, anaongeza sauti ya redio, kisha anavuta kiti na kukaa kando ya kitanda cha yule bibi. Nilidhani anamtuliza. Mwaka juzi nikachungulia, nikakuta bibi ndiye kamshika mkono. Rais wao Assad alipoanguka Desemba 2024, haikupita hata wiki watu wakaanza kumuuliza anarudi lini. Alijibu kwamba ratiba ya Januari imeshatoka.

Shida yako siidharau, mdogo wangu. Nimetoka humo humo. Baridi yangu ya kwanza hapa nilivaa sweta tatu kwa sababu pesa ya koti ilikuwa ada ya dada yetu, na hadi leo siwezi kununua kitu bila kukigeuza kwanza kuwa shilingi. Njaa nayo inaacha alama. Ila useme njaa yako kwa jina lake.

Njia niliyopita mimi ni ya polepole, haina hadithi ya kusimulia kijiweni: jifunze Kijerumani hadi B2, ngazi ya nne kati ya sita, ukiwa huko huko, tuma vyeti vikatafsiriwe na kutambuliwa, tafuta nafasi ya mafunzo ya uuguzi. Ni miaka mitatu na unalipwa ukiwa unasoma, na kazi ya kugeuza wazee kitandani usiku utaichukia. Waambie na hao watatu wanitumie vyeti vya kidato cha nne, vya kweli.

Usinipigie tu mkesha wa mwaka mpya. Mwaka huu nimeomba zamu hiyo na mimi, tuwe wawili. Piga baada ya saa nane usiku za huku, yaani saa kumi kwenu. Kelele zitakuwa zimekwisha.