Wanaandika Kiingereza lakini hawafungui mdomo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na darasa lako la tano hapo Wete: kuandika wanaandika, lakini ukiwauliza kwa Kiingereza wanainamisha vichwa.

Mwanzo usiwalazimishe kusema. Waamrishe kwa Kiingereza, wao watende tu: simama, gusa dirisha, mpe mwenzio chaki. Njia hii aliieneza James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1960. Mtoto anasikia kwanza, kama alivyokisikia Kiswahili nyumbani.

Kisha lete soko darasani. Mimi huwakalisha wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja ana karatasi ya bei za tungule, ndimu na samaki changu. Mwenzake ana kikapu na shilingi 10,000 za kuchora. Hawaonani, basi hawana budi kuulizana. Kuna mtoto alikuwa kimya muhula mzima, siku hiyo akapaza sauti, “Too much!”, na akapunguziwa. Nilifurahi mno.

Wakichanganya “he” na “she”, usiwakatize. Kwetu sote ni “yeye”, kosa linatoka hapo. Liandike pembeni, ulirejee mwisho wa kipindi. Na tafadhali sana, asichekwe mtu. Skuli ikifunguliwa Jumatatu, anza na zile amri tu, soko la bei lifuate.