Kunde chini ya mianzi, Kisauni

Ndugu yangu, umeuliza kama kunde na mihogo vitastawi katika shamba lako la Kisauni, ulikopanda mianzi mwaka jana kwa nafasi ya mita 5. Kunde zipande bila wasiwasi, kwani katika miaka 2 au 3 ya mwanzo kivuli huwa bado chepesi, nazo huurutubisha udongo kwa naitrojeni. Muhogo nauogopa: ukiung'oa karibu na kichaka utakata mizizi michanga ya mwanzi, ambayo mingi hutambaa juujuu. Acha walau mita 1 kila upande. Kivuli kikizidi, hamia tangawizi au manjano. Na majani makavu ya mianzi usiyachome (nayajua mazoea yetu), bali yatandaze kati ya mistari ili ule mchanga usikauke upesi.