Muda wa kusoma Neno: wangu ulikuwa rehani

Shalom dada, na wengine mnaofuatilia. Umesema unatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, watoto wanakusubiri, na ukifungua Biblia kitandani unasinzia kabla ya mstari wa tano, kisha unalala ukijiona umemkosea Mungu. Wengi wamekujibu "tenga muda". Mimi jibu hilo nililisikia miaka mingi na halikunifaa kitu, kwa sababu muda wa kutenga sikuwa nao. Naomba nieleze kwa urefu. Nilianguka mara nyingi kabla sijasimama, na hata sasa nasimama kwa kuyumba.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa lile la Januari. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Gawanya kwa siku 365, unapata sura tatu na kidogo kwa siku, na kwenye karatasi inaonekana kazi ya mtoto. Nikachapisha jedwali lenye viboksi, nikalibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kitabu cha Mwanzo nilikimaliza kwa furaha. Kutoka nilikwenda nacho vizuri mpaka kwenye vipimo vya hema, mbao kwa mbao na pazia kwa pazia, na Mambo ya Walawi kikanikuta hoi. Nikakosa siku moja, kesho yake nikawa na sura saba. Nikakosa tena, zikawa kumi. Kufikia Machi nilikuwa nadaiwa sura zaidi ya arobaini na nikaanza kulikwepa kabati lenyewe. Nilikuwa natoa shati bila kuangalia mlango, kama mtu anayezunguka njia ya nyuma asikutane na anayemdai.

Mbaya zaidi, tulikuwa na kundi la simu ambamo kila asubuhi kiongozi aliuliza, "Siku ya 58, nani amemaliza?" na watu wanajibu kwa alama ya dole gumba. Nami nikawa naweka dole. Sijasoma hata mstari. Nilifanya hivyo karibu wiki tatu, na wakati huohuo mimi ndiye niliyekuwa nasimama Jumapili kutangaza ratiba ya mafundisho ya Biblia na kuwasihi watu wahudhurie.

Sisemi mipango ya mwaka mzima haifai. Mchungaji Mskoti Robert Murray M'Cheyne aliwaandalia washirika wake wa Dundee mpango mwaka 1842: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Watu wanaufuata mpaka leo. Lakini ambacho wengi hawasimulii ni kwamba yeye mwenyewe alitaja hatari zake: kusoma kwa mazoea tu, kujiona mwenye haki kwa sababu umemaliza, kusoma juu juu, na mzigo kuwa mzito kuliko mbebaji. Zote nne nilizipata ndani ya miezi mitatu.

Kilichonigeuza ni neno moja la Kiswahili. Waefeso 5:16, katika tafsiri ya Union Version: "mkiukomboa wakati". Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni nikidhani maana yake ni "msichezee muda". Siku moja nikajiuliza, hivi sisi tunakomboa nini katika maisha ya kawaida? Tunakomboa kitu kilichowekwa rehani. Kitu ni chako, lakini kiko mikononi mwa mtu mwingine, na hakirudi mpaka utoe kitu. Basi swali likabadilika. Nikaacha kuuliza "nitapata wapi muda", nikauliza "muda wangu ameushika nani, na anataka nini ili auachie?"

Nilifungua sehemu ya simu inayoonyesha matumizi ya siku. Saa mbili na dakika arobaini. Tena siku ya kazi, ambayo ningekuapia kwamba sikupumua. Na haikuwa michezo wala mambo ya aibu, ni habari, mijadala (ya dini pia, naona haya kusema), na video za watu wanaorekebisha vitu vilivyovunjika. Saa ile ya kwanza baada ya kuamka na ile ya mwisho kabla ya kulala zote zilikuwa kwa huyo mshika rehani. Malipo aliyotaka ni kitu ninachokipenda: kujua kilichotokea duniani usiku kabla ya wenzangu kazini. Ilibidi nikubali kuwa mtu wa mwisho kujua habari. Linaonekana dogo, ila kwangu liliuma kuliko kufunga kula.

Nikanunua saa ya mezani ya kuniamsha. Simu ikahamia sebuleni usiku. Halafu nikafanya jambo ambalo mke wangu alilicheka: Biblia nikawa naiacha juu ya kiti ninachokalia kuvaa viatu, imefunguliwa mahali nilipoishia, kalamu katikati. Siwezi kuketi bila kuiinua, na nikishaiinua iko mkononi. Nasoma nikiwa nimevaa soksi, kiatu kimoja mara nyingi bado. Dakika kumi, siku nyingine saba. Nia njema ilinishinda miaka yote hiyo, lakini kile kiti hakijanishinda.

Sasa kuhusu usingizi wako. Dada, kitanda ni cha kulala, mwili wako unakitii. Usijilaumu. Soma ukiwa umekaa au umesimama, na soma kwa sauti, hata ya chini. Katika Zaburi 1:2 tunasoma "na sheria yake huitafakari mchana na usiku", nasi tukisikia kutafakari tunamwona mtu kafumba macho, kimya. Kitenzi cha Kiebrania pale kina sauti ndani yake, ni kunong'ona, kuguna. Ndicho kinachotumika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Tangu nijue hilo sikuona tena aibu kujisomea kwa kunung'unika kama mzee anayehesabu fedha zake.

Na ukisema unakaa muda mrefu kwenye basi, basi uko pamoja na yule towashi wa Ethiopia katika Matendo 8. Alikuwa safarini, garini, anasoma Isaya, na Filipo alimsikia, maana yake alikuwa anasoma kwa sauti. Tena alikuwa haelewi anachosoma, na hilo halikumfanya afunge kitabu. Ndani ya basi huwezi kupaza sauti, lakini unaweza kubeba mstari mmoja ulioandika kwenye karatasi asubuhi na kuurudiarudia moyoni, kama ng'ombe anavyocheua alichokula mapema.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi dakika kumi zinavyofanya kazi, maana tusije tukabaki kwenye saa na viti tu.

Asubuhi moja nilikuwa Mwanzo 37, Yusufu na ndugu zake, naisoma kwa sauti. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amekaa sakafuni anatafuta kiatu chake. Nikafika pale wanapochovya kanzu katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba yao. Mtoto akauliza, "Walimwambia amekufa?" Nikajibu haraka, "Ndiyo, walimdanganya." Akasema, "Soma tena." Nikarudia mistari ile. Kumbe mbele ya baba yao hawakusema amekufa, wala hawakumtaja mnyama, ingawa ndivyo walivyopanga kusema. Walimwonyesha kanzu wakamwomba atambue kama ni ya mwanawe au siyo. Aliyesema kwamba mnyama mkali amemla ni Yakobo mwenyewe. Wao walimwekea kanzu mbele yake wakanyamaza.

Hadithi hiyo nimeisikia maisha yangu yote na sikuwahi kuona hilo. Nikaondoka nalo kwenda kazini. Mchana nilikuwa naandika taarifa ya kazi iliyochelewa, na kuchelewa kulikuwa kosa langu. Kila sentensi niliyoandika ilikuwa ya kweli, ila nilikuwa nimezipanga ili mkuu wangu akisoma ahitimishe mwenyewe kwamba aliyechelewesha ni mtu wa idara nyingine. Nikaiona ile kanzu kwenye kioo cha kompyuta. Nilifuta aya mbili, nikaandika "nilichelewa mimi". Sikupongezwa, nilikaripiwa. Lakini ndipo nilipoelewa kwamba kusoma Maandiko hakuishii pale unapofunga kitabu, na pengine ndiyo sababu sura moja ilinitosha siku nzima kuliko zile nne nilizokuwa nakimbizana nazo.

Daftari langu ni la kawaida tu, mistari mitatu kwa siku. Wa kwanza, maneno yaliyonishika. Wa pili, nisichoelewa, nikiweka alama ya kuuliza. Wa tatu, jambo moja la leo. Mara nyingi mstari wa tatu unabaki mtupu na siulazimishi, kwa sababu nilipokuwa naulazimisha niliishia kuandika "nimpende jirani" siku kumi mfululizo. Alama za kuuliza ndizo hazina. Nikikutana na mchungaji au mtu aliyesoma zaidi yangu, sina haja ya kutafuta la kuzungumza.

Lugha nayo. Union Version ya 1952 ndiyo iliyo kichwani mwangu na siiachi kwa utamu wake, lakini kuna mahali Kiswahili chake kimekuwa kigumu kwa sikio la leo. Nikikwama naweka Habari Njema pembeni. Mahali ambapo tafsiri hizo mbili zinatofautiana ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi.

Siku zikikosekana? Zinakosekana. Mtoto anaumwa, safari, uvivu mtupu. Sheria yangu ni kwamba sidaiwi. Naendelea pale kalamu ilipo, sirudi nyuma kulipa. Jedwali la viboksi nililitoa kabatini, na gundi yake imeacha alama mpaka leo.

Jambo moja nakuonya, kwa kuwa umesema unahudumu pia kwenye kwaya na kamati. Luka 10, Martha alikuwa anamhudumia Yesu mwenyewe, si kwamba alikuwa kwenye mambo ya dunia, na bado akaambiwa "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi". Mshika rehani wako huenda asiwe simu. Kwangu baadaye iligundulika kuwa ni vikao. Niliomba kupumzishwa kwenye kamati moja kati ya tatu, na mwenyekiti alinuna miezi miwili. Sikuwa na namna nyingine.

Ukitaka pa kuanzia, anza na Marko. Sura 16, fupi, watu waliomo hawatulii. Nusu sura kwa siku inatosha kabisa. Ukiona hata hiyo ni nyingi, Filemoni ina mistari 25 tu na inasomeka yote ukisubiri maji yachemke. Zaburi 119 iache kwanza, ila ukiifikia jua kwamba mistari yake 176 imegawanywa mafungu 22 ya mistari minane minane kufuata herufi za Kiebrania. Fungu moja kwa siku linakupeleka wiki tatu bila jasho.

Umetaja pia zamu za usiku bila kueleza zinakuja mara ngapi. Hapo sina uzoefu, kiti changu kinategemea asubuhi. Tuandikie ratiba ilivyo, na kama kuna muuguzi au mlinzi humu anayesoma kwenye zamu, namwomba aendelee kutoka hapa.