Pedali ya breki ya kujitengenezea: pima nguvu ya mguu, achana na umbali

Mkuu, umeuliza kama pedali ya breki ya kujitengenezea kwa gemu za magari uifunge potenshiomita (kizuizi cha umeme kinachobadilika kadiri unavyokizungusha) au sensa ya uzito. Nimeunda zote mbili, na nakushauri sensa ya uzito hata kama itakuchosha zaidi.

Ya kwanza niliiunda kwa mbao, bawaba ya mlango, springi na potenshiomita ya kilo-omu 10. Ilifanya kazi siku ileile. Shida ni kwamba potenshiomita inapima pedali imeenda umbali gani, na mguu haukumbuki umbali, unakumbuka nguvu. Hata kwenye gari la kweli, breki ikishakaza haisogei tena sana, unaongeza msukumo tu. Basi mimi kila kona matairi yalikuwa yanajifunga. Baadaye njia ya kaboni ndani ya potenshiomita ikalika na breki ikawa inarukaruka hata sijaigusa.

Ya pili nikatumia sensa ya uzito, kile kipande cha alumini chenye nyaya nne. Hapa nilipoteza siku mbili nzima. Niliilaza bapa juu ya chuma nikaikaza bolti ncha zote mbili, namba hazikutikisika. Sensa hii inapima kwa kujipinda kidogo mno, kwa hiyo ncha moja ikazwe na nyingine ielee. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma cha kuwekea bolti) chini ya ncha iliyokazwa ili ibaki nafasi ya milimita mbili hivi. Namba zikienda hasi unapokanyaga, badilishana nyaya mbili za mawimbi. Kati ya pedali na sensa weka raba ngumu. Raba hiyo ndiyo inayoupa mguu hisia ya breki, kwa hiyo jaribu kadhaa, usiridhike na ya kwanza.

Mawimbi ya sensa ni dhaifu sana, hivyo utahitaji kikuza mawimbi cha HX711. Tafadhali kikague kabla ya kukifunga! Vingi huja vimepangwa kusoma mara 10 kwa sekunde, na gari la kilomita 200 kwa saa hupita zaidi ya mita 5 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Mguu (pini) namba 15 wa chipu ukitolewa kwenye ardhi (GND, upande hasi wa umeme) na kuungwa kwenye umeme chanya, unapata mara 80.

Ubao wa kielektroniki wa kusoma namba hizo na kuzipeleka kwenye kompyuta, chukua Arduino Leonardo au Pro Micro. Chipu yake, ATmega32U4, inaongea USB yenyewe, kwa hiyo kompyuta inaiona kama kifaa cha kuchezea gemu. Arduino Uno, ambayo chipu yake kuu haiongei USB yenyewe, itakusumbua bure.

Kiti na pedali vifunge kwenye fremu moja, la sivyo kila ukikanyaga kwa nguvu kiti kinarudi nyuma. Ukishafunga, kwenye programu weka asilimia 100 kwenye nguvu ambayo mguu wako unaweza kuirudia mbio nzima bila kutetemeka.