Maswali ya Wasomaji: Kuhakiki Albamu za Roki Nzito

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kuhakiki albamu za roki nzito na hevi metali, lakini kila ninapoandika naishia kusema kwamba magitaa ni makali na ngoma zina nguvu. Nisikilize nini zaidi? Na je, kelele nazo zihesabiwe kuwa kasoro?

JIBU: Kumlaumu mwanamuziki wa metali kwa kelele ni sawa na kumlaumu mhunzi kwa mlio wa nyundo. Linalofaa kuulizwa ni iwapo ndani ya kelele hizo kila ala bado inasikika.

Chukua albamu ya bendi ya Metallica ya mwaka 1988, ...And Justice for All. Nyimbo zake ni ndefu, hubadilisha mwendo mara kwa mara, na magitaa yamepigwa kwa ustadi mkubwa. Lakini gitaa la besi la Jason Newsted, aliyejiunga na bendi baada ya kifo cha mpiga besi aliyemtangulia, Cliff Burton, mwaka 1986, limefifishwa wakati wa kuchanganya sauti, yaani kupanga ala ipi isikike kwa kiasi gani, hata ni shida kulitambua. Vaa spika za masikioni usikilize: ngoma ya mguu inagonga kavu kama kidole juu ya meza, magitaa yanakwaruza juu yake, na pale ambapo besi ingepaswa kujaza pana uwazi. Kwa maoni yangu utunzi huo ni wa hali ya juu na uchanganyaji wake ni mbovu, na uhakiki wa haki utayasema yote mawili bila kuyachanganya.

Albamu nyingine ya Metallica, Death Magnetic ya mwaka 2008, ina kasoro ya namna nyingine. Sauti ilibanwa, yaani tofauti kati ya sehemu za chini na za juu ilipunguzwa, kisha ikapandishwa mno hadi ikaanza kupasuka, jambo ambalo mashabiki walilithibitisha walipoilinganisha na nyimbo hizo hizo katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambamo hazikubanwa kiasi hicho. Mkwaruzo aliouchagua mpiga gitaa ni sanaa. Lakini mkwaruzo huu wa Death Magnetic uliletwa na mitambo mwishoni mwa kazi. Kwa sababu hiyo, unapolinganisha albamu mbili, sawazisha kwanza kiwango cha sauti zake, kwani sikio hupendelea ile yenye sauti ya juu zaidi.

SWALI: Je, maisha ya wanamuziki yaingie katika uhakiki?

JIBU: Yaingie pale tu yanaposikika. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani mjini Birmingham, na kwa kuwa hutumia shoto, huo ndio mkono unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyepesi, na katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 akazilegeza nyuzi hizo katika baadhi ya nyimbo, sauti ikashuka na kuwa nzito zaidi. Habari hiyo inaeleza unachokisikia. Ugomvi wa nyuma ya jukwaa, mimi huuruka.