Karatasi ya vipimo vya miwani ya miaka 3 iliyopita

Umeuliza kwa nini duka la miwani limekataa kukutengenezea miwani kwa vipimo vya miaka 3 iliyopita, ilhali bado unaona vizuri. Karatasi haina kosa, ni jicho linalobadilika. Namba, yaani nguvu ya lenzi za miwani, huongezeka au kupungua kwa hatua za 0.25, na hatua moja au mbili huja polepole mno: unakunja uso na kusogeza simu mbali bila kujijua. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu huwa shida. Mtoto wa jicho pia hubadilisha namba. Sukari ikipanda, lenzi hiyo hubadilika umbo, kwa hiyo mwenye kisukari asubiri sukari itulie ndipo apimwe, la sivyo miwani mipya itamkataa baada ya wiki chache.

Hata hivyo, namba si kila kitu. Kinachonitia hofu zaidi ni glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho: mara nyingi haiumi, huanza kula pembeni mwa uoni, na kilichopotea hakirudi. Usikubali kusomeshwa herufi za ukutani tu. Omba wapime presha ya jicho na wakague mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Ukitiwa matone ya kupanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi usiendeshe gari.

Mtu mzima asiye na tatizo apime kila mwaka mmoja au miwili. Mwenye kisukari, kila mwaka. Beba miwani ya zamani walinganishe. Ukiona vimulimuli vya ghafla au kama pazia jeusi linashuka, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.